Wale Tisa Hawakunyang'anywa

Bibi yangu mzaa mama hakuwa na ncha za vidole vitatu vya mkono wa kulia, na kidole gumba cha kushoto kilikuwa kimejikunja, hakinyooki. Kwa mikono hiyo alipalilia karanga, alisonga ugali, alikata viazi vya kuanika michembe, na aliipua sufuria jikoni bila kitambaa hadi mama yangu apige kelele: "Mama, utaungua!" Na kweli aliungua, mara nyingi tu. Moto alikuwa hausikii. Sisi wajukuu tulidhani ni ushujaa, tukajisifu kwa wenzetu pale Ng'ambo, mjini Tabora, kwamba bibi yetu anashika makaa.

Nilikuwa nimeshaingia sekondari aliponieleza. Tulikuwa tunamenya karanga za mbegu, mimi na yeye peke yetu. "Mume wangu," akasema, kwa maana ndivyo bibi wa kwetu wanavyowaita wajukuu wao wa kiume, "mimi nilikuwa mkoma."

Aliolewa upande wa Sikonge, kusini mwa mji wa Tabora, kwenye miombo wanakotundika mizinga ya nyuki. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 aliona baka begani, limefifia kidogo kuliko ngozi yake, haliwashi wala haliumi. Baadaye vidole vikaanza kupata vidonda asivyojua vimetoka wapi. Watu walipogundua, alijengewa kibanda pembeni mwa shamba. Akapewa kibuyu chake cha maji na bakuli lake. Chakula kiliwekwa juu ya kisiki. Aliyekileta alikohoa akiwa mbali, akaondoka kabla bibi hajatoka. Mama yangu, wakati huo mtoto mdogo, aliruhusiwa kumwona kutoka upande wa pili wa matuta. "Hawakuwa watu wabaya," bibi alisisitiza, na kila aliposimulia habari hii hakusahau kulisema hilo. "Waliogopa. Hata mimi ningeogopa."

Kaka yake ndiye aliyempakia kwenye baiskeli akampeleka misheni ya Wamoravian pale Sikonge, walikokuwa wakihudumia wakoma. Alikuta foleni, akakaa mwisho wa benchi, akiwa amejifunga kanga mikononi. Zamu yake ilipofika alitoka dresa, mfunga vidonda wa misheni, Mnyamwezi kama yeye. Akaketi kwenye benchi lile lile. Akamwambia, "Dada, naomba mkono." Bibi hakutoa. Dresa akangoja, kisha akaifungua ile kanga mwenyewe, taratibu, akauchukua mkono na kuuweka juu ya goti lake, akaanza kukagua kidole kimoja baada ya kingine.

"Sikumsikia," bibi aliniambia. "Mkono ulikuwa umekufa ganzi, mume wangu. Nilimwona tu kwa macho kwamba ananishika. Nikageuka kutazama mlangoni, nione nani atakimbia."

Hakuna aliyekimbia. Alikaa pale kwa miaka akimeza vidonge vya dapsone, ambavyo wakati huo ndivyo vilivyokuwa tegemeo la wenye ukoma duniani. Ugonjwa ulisimama. Vidole havikurudi. Alibatizwa huko huko, na alisema wazi kwamba hakushawishiwa na mahubiri, bali siku aliposomewa habari za mkoma katika sura ya kwanza ya Injili ya Marko alijikuta anasema kwa sauti, mbele za watu: "Huyu namfahamu."

Habari hiyo ni fupi. Mtu mwenye ukoma anamwendea Yesu, anapiga magoti, anasema kwamba akitaka anaweza kumtakasa. Yesu anamhurumia, ananyoosha mkono, anamgusa, kisha anamwambia kwamba anataka. Nimesikia mahubiri mengi juu ya aya hizo, kwa mapadre na kwa wachungaji, kwa sababu baba yangu alikuwa Mkatoliki na upande wa mama ni Wamoravian, na nyumba yetu haikukosa ibada. Lakini aliyenifundisha kuzisoma ni bibi. Alinikumbusha kwamba mtumishi wa yule akida wa Kirumi aliponywa kwa neno tu, Yesu akiwa mbali, hata nyumba hakuingia. Kwa hiyo ukoma nao ungeweza kuondoka kwa neno. Mkono haukuhitajika kwa ajili ya ugonjwa. Ulihitajika kwa ajili ya yule mtu, ambaye kwa Sheria ya Musa aliishi nje ya kambi na kupaza sauti kuwatahadharisha wenzake, na huenda alikuwa amesahau mkono wa mwingine unakuwaje.

Halafu akanionyesha jambo ambalo mpaka leo sijamaliza kulitafakari. Mwishoni mwa sura ile, mtu aliyetakaswa anazunguka akitangaza, habari zinaenea, na kwa sababu hiyo Yesu hawezi tena kuingia mjini waziwazi. Anabaki nje, mahali pasipo na watu. Bibi aliweka kidole chake kisicho na ncha juu ya mstari ule. "Unaona? Yule ameingia mjini, na Yesu amebaki porini. Amebadilishana naye kibanda."

Kubadilishana huko nakuelewa zaidi nikiukumbuka mji wangu, maana uliumbwa na njia. Kabla ya reli ya kati kuufikia mwaka 1912, watu walitembea kwa miguu kutoka Bagamoyo, wakapita Mpwapwa na Kilimatinde, wakavuka Ugogo na uhaba wake wa maji, hadi Unyanyembe, yaani kwetu Tabora. Hapo njia iligawanyika. Moja ilikwenda Ujiji, nyingine Karema, nyingine ikashika kaskazini kuelekea Karagwe na Buganda. Babu zetu Wanyamwezi walikuwa wapagazi mashuhuri. Walibeba pembe za ndovu kwa hiari na kwa ujira, na kijana ambaye hajafika pwani alihesabiwa bado mtoto. Najivunia miguu yao. Ila katika njia hiyo hiyo, mara nyingine katika msafara huo huo, walipita watu waliofungwa minyororo shingoni. Ukienda Kwihara leo, nje kidogo ya mji, utaona tembe ambamo mmisionari na msafiri Livingstone alikaa mwaka 1872, na miembe iliyotapakaa Tabora na Ujiji watu wa kwetu bado huihusisha na misafara hiyo.

Katika njia ile kila kitu kilikuwa na bei. Kulikuwa na bei kwa mikono ya kitambaa cha merikani, kwa shanga, kwa waya wa shaba. Maji yalikuwa na bei, ruhusa ya kupita ilikuwa na bei, na mtu pia. Tena msafara haukuweza kumngoja anayeshindwa kutembea, maana kutoka kisima hadi kisima ulikuwa mwendo uliopimwa. Mwezi Juni 1866, akiwa upande wa Ruvuma, mbali na kwetu lakini kwenye biashara ile ile, Livingstone aliandika kwamba alimkuta mwanamke amefungwa shingo kwenye mti, amekufa. Wenyeji walimweleza kwamba alishindwa kuendelea, na bwana wake hakutaka awe mali ya mtu mwingine iwapo angepata nafuu. Nimeyasoma maneno hayo mara nyingi. Ukatili wake ni ukatili wa hesabu: mtu ni fedha iliyolipwa, na fedha hiyo ikishindikana kurudi, basi asifaidi yeyote.

Kwa sababu hiyo, nikitaka kueleza shukrani ya Mkristo kwa mtu wa Tabora, huanza na mtoto mmoja aliyenunuliwa.

Adrian Atiman alizaliwa katikati ya miaka ya 1860 karibu na Timbuktu, kwenye mto Niger, katika nchi ambayo leo ni Mali. Akiwa mtoto mdogo aliibwa, akauzwa, akavushwa jangwa la Sahara hadi Algeria. Huko, mnamo mwaka 1876, wamisionari wa Kardinali Lavigerie, ambao watu wamewazoea kwa jina la White Fathers, walimkomboa kwa fedha. Walimsomesha. Mwaka 1881 walimpeleka Malta kujifunza utabibu, kwa maana Lavigerie aliamini kwamba Afrika itahudumiwa na Waafrika wenyewe. Alipohitimu mwaka 1888, hakurudi Niger wala hakubaki Ulaya. Alishika safari ya kuja pwani yetu, akaifuata njia ya misafara kwenda bara, na mwaka 1889 akafika Karema, kando ya ziwa Tanganyika, kwenye ngome iliyojengwa na Wabelgiji mwaka 1879 na kukabidhiwa wamisionari mwaka 1885.

Fikiria safari hiyo. Aliyekuwa amepita jangwani akiwa bidhaa, sasa anapita nyika yetu akiwa tabibu, na wakati huo biashara ile bado haijafa. Zanzibar soko la wazi lilikuwa limefungwa mwaka 1873, lakini bara mambo yaliendelea, na utumwa wenyewe haukufutwa kisheria katika Tanganyika hadi mwaka 1922. Pale Kipalapala, nje ya Tabora, panapojulikana leo kwa seminari kuu, katika miaka ya 1880 wamisionari hao hao walikuwa wakilea watoto waliokombolewa kutoka kwenye minyororo. Kila mmoja wa watoto hao Atiman angeweza kumwambia alichokuwa akikiota usiku.

Alikaa Karema miaka 67. Alikuwa tabibu na katekista hadi alipofariki mwaka 1956. Alioa binti wa nchi hiyo, na mwanawe Joseph akapewa daraja ya upadre mwaka 1923. Hakuondoka. Mtu aliyehamishwa kwa nguvu mara nyingi hivyo akiwa mtoto, alipopata uhuru wa kuchagua alichagua mahali pamoja pa vidonda, homa na uzazi mgumu, akabaki hapo tangu enzi za Wajerumani, kupitia vita viwili vya dunia, hadi TANU ilipokuwa imekwisha kuzaliwa.

Sina budi kusema pia kwamba ukombozi ule ulikuwa na doa. Fedha iliyomtoa mtoto mmoja mikononi mwa mfanyabiashara iliingia mfukoni mwa mfanyabiashara huyo, na wapo walioonya tangu wakati ule kwamba kukomboa kwa kununua kunaweza kuichochea biashara yenyewe. Watoto hao pia hawakuulizwa kama wanataka dini ya waliowakomboa. Haya ni mazito na hayafutwi na wema wa mtu mmoja. Nayasema kwa sababu huruma ya Yesu haihitaji kutetewa kwa kuficha mambo. Ninachokiona kwa Atiman ni hiki: alilipiwa bei, na miaka 67 si malipo ya deni. Hakuna deni duniani linalolipwa hivyo. Mwenye deni huhesabu, na siku ya mwisho ya hesabu hufunga mzigo wake akaenda.

Jambo la namna hiyo lilipita pia Unyanyembe mwezi Oktoba 1873. Watumishi Chuma na Susi na wenzao walifika na mwili wa Livingstone, aliyefariki kijijini kwa Chitambo mapema mwezi Mei mwaka huo. Luteni Cameron, aliyekuwa hapo na msafara wake, aliwashauri wamzike papo hapo. Ushauri huo ulikuwa na maana. Njia iliyobaki ilikuwa ndefu na ya hatari. Wakakataa, wakaubeba hadi Bagamoyo, wakafika Februari 1874. Chuma alikuwa kijana wa Kiyao aliyefunguliwa kutoka kwenye msafara wa watumwa mwaka 1861. Jacob Wainwright, aliyekuwa miongoni mwao, naye alipitia utumwa kabla ya kulelewa na wamisionari India. Maiti hailipi ujira, na wao walibeba hivyo hivyo.

Karibu miaka mia baadaye, mwaka 1972, mauaji yalipotokea Burundi, magari ya wakimbizi yalianza kufika mkoani kwetu. Serikali iliwapa msitu wa Ulyankulu, kaskazini-magharibi mwa Tabora, wakaanza kuufyeka. Bibi wakati huo alikuwa anakaa kwetu mjini. Akina mama wa kanisa walikusanya vitu: michembe, chumvi, kanga kuukuu, mbegu za karanga. Bibi alitoa mbegu ambazo sisi wenyewe tulizitunza kwa ajili ya msimu. Jirani mmoja aliyekuja kutusaidia kufunga magunia akasema, kwa nia njema kabisa, kwamba watu hao tusiwatarajie kuja kushukuru. Bibi hakuinua uso. "Sijawakopesha," akasema.

Nilikuwa mtoto, lakini neno hilo lilinikaa. Nililielewa baadaye, kanisani, mhubiri alipofika kwenye wale wakoma kumi wa Injili ya Luka. Kumi walipaza sauti kwa mbali wakiomba rehema. Wakaambiwa waende wakajionyeshe kwa makuhani. Wakiwa njiani wakatakasika. Mmoja akarudi kushukuru, naye alikuwa Msamaria, mgeni. Yesu akauliza wale tisa wako wapi. Mara nyingi katika makanisa yetu habari hii husomwa kabla ya sadaka ya shukrani, na wale tisa hupata kipigo kikali. Tunaulizwa tumo miongoni mwa tisa au sisi ni yule mmoja, halafu vikapu vinapita. Siipendi namna hiyo, na nitasema kwa nini.

Bibi alikuwa mkoma kweli, kwa hiyo wale tisa kwake hawakuwa mfano wa mahubiri. Aliwajua. Aliwaona wakikimbia kurudi kwa watoto waliowatazama ng'ambo ya matuta. Alisema alipopewa ruhusa ya kutoka Sikonge hakurudi kumuaga yule dresa. Alishika njia ya kijijini hata kabla ya jua kupanda, na mama yangu alipomwona alijificha, kwa sababu alikuwa hamkumbuki. Shukrani kwa yule dresa ilimjia miezi mingi baadaye, akiwa shambani, akaketi kwenye tuta akalia. Alipomaliza kunisimulia hayo, akaniuliza swali ambalo yeye tayari alikuwa na jibu lake.

"Wale tisa, ukoma uliwarudia?"

Nikasema haikuandikwa.

"Basi hawakunyang'anywa. Aliuliza wako wapi kwa sababu aliwataka. Hakuwataka wamlipe."

Hapo ndipo ninapomshukuru Yesu, na ninamshukuru kwa moyo wangu wote. Katika njia iliyojenga mji wangu, kila mtu alikuwa na bei, na aliyeshindwa kutembea aliachwa au aliuawa ili asifaidi mwingine. Katika njia ya Yesu, kutoka Galilaya hadi Yerusalemu, kila aliyekuwa pembeni alimfanya asimame: kipofu wa Yeriko ambaye umati ulimwambia anyamaze, mwanamke wa kutokwa na damu aliyemgusa vazi lake kwa siri, mjane wa Naini, ambaye hata hakuomba kitu, alikuwa tu anamsindikiza mwanawe kaburini. Yesu alimwona, akamhurumia, akaligusa jeneza. Aliyekuwa na haraka kuliko wote, aliyekuwa anaujua msalaba unaomngoja, ndiye aliyesimama kila mahali. Wala hakuandika majina ya wadeni.

Ulyankulu leo ni mji wa mashamba, na walioletwa na magari yale pamoja na watoto wao wamekuwa raia. Mwaka 2014 wakimbizi wa mwaka 1972 zaidi ya 160,000 katika makazi ya Ulyankulu, Katumba na Mishamo walikabidhiwa uraia wa Tanzania. Kwaya ya Ulyankulu Barabara ya 13, inayoitwa kwa jina la barabara ya makazi yale, imesikika kote Afrika Mashariki, na nimewaona watu wakilia kwa nyimbo zake katika miji ambayo haijui Ulyankulu iko wapi. Bibi alizisikia kwenye redio kabla hajafariki. Hakusema lolote kuhusu karanga zake. Aliomba tu sauti iongezwe.

Ukoma haujaisha. Bakteria wake alitambuliwa na daktari Hansen wa Norway mwaka 1873; tangu mwaka 1981 Shirika la Afya Duniani limependekeza dawa mseto zinazouponya kabisa kwa miezi 6 au 12, na tangu mwaka 1995 dawa hizo hutolewa bure duniani kote. Hata hivyo kila mwaka nchini mwetu hugunduliwa wagonjwa wapya, na baadhi yao huja wakiwa tayari wamepoteza vidole, kwa sababu walifichwa au walijificha. Jumapili ya mwisho ya Januari ni Siku ya Ukoma Duniani, na kwenye jumuiya yetu siku hiyo mimi ndiye ninayesimama kutangaza. Nawaambia: jichunguzeni ngozi, na ya mgongoni mwombe mwenzako akuangalie. Ukiona baka lililofifia au jekundu lisilowasha, mwombe mwenzako aliguse kwa unyoya au kwa uzi wa pamba huku umefumba macho. Kama husikii, nenda zahanati kesho asubuhi, usiende kwa mganga kwanza. Ugonjwa hauambukizwi kwa kushikana mikono. Anayeanza dawa huacha kuambukiza mapema sana, kwa hiyo hakuna sababu ya kumjengea kibanda wala kumtengea bakuli. Na kama hana wa kumsindikiza, jina langu na namba yangu ya simu vipo ubaoni, mlango wa kushoto; nitakwenda naye.